Upele ukiwa na mpenzi: jinsi ya kutibiwa wote usiku mmoja

Mtu akiingia duka la dawa kuulizia dawa ya upele, mara nyingi huondoka na chupa moja. Anajipaka, anapata nafuu, mwisho wa wiki anakwenda kulala kwa mpenzi wake, na siku chache baadaye anajikuna upya. Anarudi dukani akilalamika kwamba dawa ni feki. Pengine dawa haina kosa lolote. Kilichokosekana ni chupa ya mwenzake.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye mpenzi, mume, mke au zaidi ya mmoja, ambaye ana upele au anashuku anao. Msimamo wangu ni kwamba upele wa watu wanaolala pamoja ni ugonjwa mmoja uliokaa kwenye miili miwili. Kumwambia mwenzako ni sehemu ya dozi, sawa na kujipaka.

Kwanza mjue mdudu mwenyewe

Upele huletwa na utitiri, mdudu mdogo ambaye ni vigumu kumwona bila kikuza. Jike huchimba njia juu juu ya ngozi, hutaga mayai mawili matatu kwa siku, nayo huanguliwa baada ya siku 3 au 4. Mwili wa mtu mwenye upele wa kawaida huwa na majike 10 hadi 15 tu. Wanaosema "nimejaa wadudu" wanakosea; walichojaa ni muwasho, na muwasho hutokana na ngozi kumkataa mdudu, mayai yake na kinyesi chake. Ngozi ya mtu ambaye hajawahi kuugua upele huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwasha. Aliyewahi kuugua huanza kuwashwa ndani ya siku 1 hadi 4.

Ishike hiyo hesabu ya wiki 4 hadi 6, maana kwa kutoijua watu wamegombana na kuachana bure. Maana yake ni kwamba aliyeanza kujikuna si lazima awe ndiye aliyeuleta. Na yule anayejisifu "mimi mbona siwashwi" anaweza kuwa nao tangu mwezi uliopita, na kila usiku anakurudishia.

Utitiri hauruki wala haupai. Hutembea kutoka ngozi hadi ngozi, na unahitaji muda. Kushikana mikono au kukumbatiana kwa salamu kwa kawaida hakutoshi. Kulala mmegusana kunatosha sana. Kondomu haizuii upele, kwa kuwa inafunika sehemu ndogo tu ya mwili na utitiri unaweza kupita mapajani, kiunoni au mikononi. Endelea kuitumia kwa kazi zake nyingine, ila kwa upele usiitegemee.

Hatua ya 1: Hakikisha ni upele

Dalili kubwa ni muwasho unaozidi usiku, hasa ukishajifunika na mwili kupata joto. Tazama katikati ya vidole vya mikono, viganja vinapoungana na mkono, viwiko, makwapa, kitovu, mkanda wa suruali unapokaa, na makalio. Kwa wanawake angalia pia kuzunguka chuchu. Kwa wanaume, uume na pumbu: vipele vigumu vya kuwasha mahali hapo, vikiambatana na muwasho wa vidoleni, vitamfanya mhudumu yeyote wa afya auwazie upele kabla ya kitu kingine. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta vinundu vidogo, alama za kukuna, na wakati mwingine kijistari chembamba kilichopinda, ambacho ndiyo njia ya mdudu.

Si kila kitu kinachotokea sehemu za siri ni upele. Kidonda kimoja kisichouma kinaweza kuwa kaswende. Malengelenge madogo yanayochoma na kupasuka yanaweza kuwa malengelenge ya sehemu za siri, yanayoletwa na virusi. Vinyama visivyowasha vinaweza kuwa masundosundo. Wadudu wanaoonekana wameng'ang'ania nywele za kinena ni chawa wa kinena, na dawa yao ina maelekezo mengine.

Halafu kuna mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele. Mwaka 2024 mlipuko uliotokea Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, ambako ngono ilikuwa njia mojawapo kubwa ya maambukizi, ulivuka kwenda Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na baadaye Tanzania nayo ikatangaza wagonjwa. Vipele vyake kwa kawaida huuma, hujaa maji au usaha, na huja na homa, uchovu na mitoki iliyovimba. Ukiona hivyo usinunue dawa ya upele. Usilale na mtu, nenda kituo cha afya.

Na kwa kuwa umeshafika huko, pima VVU na kaswende. Upele wenyewe hauleti VVU, ila kama umeupata kitandani kwa mtu, vingine pia vinapitia kitanda hichohicho. Kuna sababu ya pili: mtu ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kupata upele wa magamba, wenye utitiri maelfu, ambao hauwashi sana lakini unaambukiza haraka mno. Huo hautibiwi nyumbani.

Neno moja kuhusu zile krimu za mchanganyiko ambazo kila mtaa unazo, za kutibu "fangasi, upele na chunusi" kwa mpigo. Nyingi zina steroidi. Steroidi hutuliza muwasho siku mbili tatu, ngozi inaonekana imetulia, na utitiri unaendelea kuzaana chini yake. Kama umekuwa ukiipaka, acha, na mwambie anayekupima kwamba ulikuwa unaipaka, kwa sababu upele uliofunikwa na steroidi hubadilika sura.

Hatua ya 2: Hesabu watu kabla ya kuhesabu hela

Chukua karatasi. Andika kila uliyelala naye ndani ya miezi miwili iliyopita. Andika kila unayelala naye kitanda kimoja hata kama hakuna mapenzi: mdogo wako, rafiki mnayechanga godoro getoni, mtoto anayehamia kitandani kwenu usiku. Kisha ongeza wanaoishi nyumba hiyohiyo, pamoja na dada wa kazi, ambaye husahaulika kila mara ilhali ndiye anayembeba mtoto kutwa.

Mwanaume mwenye wake wawili ana nyumba mbili za kutibu kwa siku moja. Akitibu ya bibi mkubwa Ijumaa na ya bibi mdogo Ijumaa ya pili, ameuzungusha tu. Kama kuna mchepuko, naye yumo kwenye hesabu. Utitiri hauulizi cheti cha ndoa.

Hapo ndipo ujue ni dawa kiasi gani ununue.

Hatua ya 3: Mwambie

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na nitakaa hapa kidogo.

Usimwambie kitandani, usimwambie mkiwa na watu, wala usisubiri mkutane akiwa ameshajiandaa. Simu au ujumbe unatosha. Sema vitu vitatu: una nini, yeye anatakiwa afanye nini, na lini. Habari ya nani alimpa nani iache kabisa. Kwa hesabu ile ya wiki 4 hadi 6, mara nyingi haijulikani, na kuitafuta kunawachelewesha usiku wa kujipaka.

Kwa mtu mliyeanzana juzi juzi, andika hivi:

"Mambo. Nina jambo la afya, naomba ulisome kwa utulivu. Nimepimwa nikakutwa na upele. Unatibika, ila tusipojitibu siku moja utaturudia wote. Hata kama huwashwi, unaweza kuwa nao. Nimeshakununulia dawa. Tupake wote Jumamosi usiku, kila mtu kwake. Samahani kwa usumbufu."

Kwa mume au mke maneno huwa machache, kwa kuwa nyumba ni moja: "Baba Fulani, mhudumu amesema huu muwasho ni upele, na sote humu ndani tujipake usiku mmoja, hata wewe usiyewashwa. Dawa iko kabatini, leo baada ya chakula tunaanza." Ukiitamka kama ratiba ya nyumba haitasikika kama mashtaka.

Kwa mliyeachana: "Habari za siku. Sikuandikii kwa ajili ya kurudisha mambo yetu. Nimekutwa na upele na tulikuwa pamoja ndani ya miezi hii miwili, hivyo nimeona ni haki yako kujua. Ukaonane na mhudumu wa afya hata kama huna dalili." Akijibu matusi, usijibizane. Umeshatimiza wajibu wako.

Akikuuliza, "Umeutoa wapi?", jibu la kweli linaweza kuwa "sijui." Upele haupatikani kwa ngono peke yake. Mabweni, kambi, mahabusu, vyumba vya wapangaji wengi na watoto wa shule ni njia zake za kila siku. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na linakadiria kuwa wakati wowote watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Wala si habari ya umaskini au uchafu: Uholanzi, nchi ya maji ya moto bombani, imeona upele ukiongezeka miaka ya karibuni, hasa kwa vijana na wanafunzi wa vyuo. Mtu anayeoga mara tatu kwa siku anaupata vilevile, kwa sababu sabuni na maji haviuondoi utitiri uliokwisha kuchimba.

Lakini pia usimdanganye kwamba hauwezi kuwa umetoka kwa mtu mwingine. Kama kuna mtu mwingine na unajua, huyo mtu anahitaji kutibiwa.

Ikiwa unaogopa kupigwa ukisema, usiseme peke yako. Mweleze mhudumu wa kituo cha afya hofu yako, muulize kama anaweza kumwita mwenza wako aje kupimwa. Wa kliniki za magonjwa ya ngono wamelizoea jambo hili.

Hatua ya 4: Dawa gani

Krimu ya permethrini ya asilimia 5 ndiyo yenye usumbufu mdogo. Hupakwa mara moja usiku, hukaa saa 8 hadi 14, huoshwa, na hurudiwa baada ya siku 7. Inaruhusiwa kwa mjamzito na anayenyonyesha. Anayenyonyesha aifute kwenye chuchu kabla ya kumpa mtoto ziwa. Tyubu ya gramu 30 humtosha mtu mzima wa kawaida mara moja, hivyo wawili kwa mipako miwili ni tyubu nne. Wanaojaribu kugawana moja ndio haohao wanaorudi dukani.

Benzili benzoeti ya asilimia 25, ile inayojulikana madukani kwa jina la BBE, ni rahisi zaidi kwa bei na kupatikana. Hukaa mwilini saa 24, kisha huoshwa na hurudiwa kama ulivyoelekezwa. Inachoma, hasa penye michubuko na sehemu za siri, na ni vizuri kujua mapema ili usiikimbie katikati. Kwa watoto huchanganywa na maji kwanza. Muulize mfamasia vipimo, usikisie. Mjamzito achague permethrini au mafuta ya salfa.

Vidonge vya ivamektini hunywewa pamoja na chakula, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili, kwa kupishana siku 7 hadi 14. Mtu wa kilo 60 hunywa miligramu 12 kila mara. Havifai kwa mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15. Kwa waliokulia au kuishi misitu ya Kongo palipo na minyoo ya macho iitwayo Loa loa, vidonge hivi vinaweza kuleta madhara makubwa, kwa hiyo daktari aulizwe kwanza. Ivamektini ya sindano za ng'ombe, dawa ya kuogeshea mifugo, mafuta ya taa, maji ya betri na dawa ya kufulia nguo nyeupe vyote vibaki mbali na ngozi yako, seuze sehemu za siri. Watu huungua.

Sabuni ya salfa na maji ya mwarobaini? Oga nayo kama inakutuliza. Usiyahesabu kama tiba.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Chagueni usiku mmoja kwa wote, wa kesho yake msio na haraka. Kateni kucha. Oga kama unataka, lakini kwa maji ya kawaida, kisha kauka kabisa na uache mwili upoe. Kunyoa hakuhitajiki, na mikwaruzo ya wembe itaifanya dawa ichome zaidi.

Paka kuanzia nyuma ya masikio na shingoni hadi nyayoni, mahali pote, hata pasipowasha. Wengi hupaka penye vipele tu, na utitiri uko pengine. Sehemu zinazosahaulika ni nyuma ya masikio, chini ya kucha, katikati ya makalio, chini ya matiti, kitovu, nyayo, uume wote na pumbu, na upande wa nje wa uke. Ndani ya uke usipake, machoni na mdomoni pia. Watoto wachanga na wazee hupakwa hadi kichwani na usoni, kwa uangalifu. Mgongo unahitaji mkono wa mtu mwingine. Mkiwa wawili pakaneni.

Ukinawa mikono, paka tena mikononi. Anayeswali ajipake baada ya Isha, na akishatawadha kwa ajili ya Alfajiri arudishie dawa kwenye viungo vilivyopata maji, hadi saa zitimie. Aliyeosha vyombo naye vivyo hivyo.

Usiku huo ni wa kulala tu, bila tendo. Zingatia pia kwamba dawa yenye mafuta mazito, kama salfa iliyochanganywa na vaselini, hulegeza mpira wa kondomu na kuipasua.

Hatua ya 6: Nguo na kitanda

Hapa watu hujichosha kupita kiasi. Utitiri ukitoka mwilini hauishi zaidi ya siku 2 au 3. Asubuhi ya kuosha dawa, kusanya nguo, taulo, shuka, khanga na msuli mlivyotumia siku tatu zilizopita. Fua kwa maji ya moto sana, anika juani, piga pasi kwenye mishono. Visivyofulika, kama koti au mto, vifungie ndani ya begi la zipu, sanduku au ndoo yenye mfuniko kwa siku 4 au zaidi. Godoro anika kama kuna jua, kuchoma hakuna haja. Usilipulizie dawa ya mbu wala ya mende. Utaivuta wewe usiku.

Kumbuka nguo zako zilizoko kwake, na zake zilizoko kwako.

Hatua ya 7: Kusubiri, na kurudiana

Msishiriki tendo wala kulala mmegusana hadi wote mmekamilisha dozi zote mbili. Kwa permethrini ni kama siku 8 tangu usiku wa kwanza. Kazini unaweza kurudi siku inayofuata mpako wa kwanza.

Muwasho hautaondoka siku hiyo. Wadudu wamekufa, lakini mabaki yao bado yako ndani ya ngozi, na kujikuna huendelea wiki 2 hadi 4. Kipindi hiki kina kishawishi cha kujipaka dawa kila usiku "kuimaliza". Usifanye hivyo: dawa yenyewe huanza kuunguza ngozi, ngozi inawasha kwa ajili ya dawa, nawe unaongeza dawa. Tumia losheni isiyo na manukato, au kidonge cha mzio kwa ushauri wa mfamasia. Vinundu vya kwenye uume na pumbu vinaweza kubaki wiki kadhaa, hata miezi, vikiwa havina mdudu tena. Mweleze mwenzako mapema ili asishtuke akiviona.

Rudi kituo cha afya ukiona vipele vipya au vijistari vipya, au muwasho ukipita wiki 4. Nenda upesi zaidi kama vidonda vinatoa usaha na homa. Uso ukivimba au mkojo ukibadilika rangi kuwa kama chai ya rangi, usingoje kesho: bakteria wanaoingia kupitia ngozi iliyokunwa wanaweza kuathiri figo.

Ukikutana na mtu mpya katikati ya haya yote, ahirisha kulala naye hadi dozi ya pili ipite. Huna haja ya kumpa historia yote; "nina dawa ya ngozi naimalizia wiki hii" ni kweli na inatosha. Ila kama mmeshalala, hata mara moja, mwongeze kwenye ile karatasi ya hatua ya 2 na umnunulie tyubu zake mbili.